Namna ya kupata nakala za kesi mahakamani: kwa watu wa Taita Taveta na kaunti nyingine za mashambani

Nilifanya kazi masjala ya mahakama hadi nilipostaafu, na tangu nirudi nyumbani huku milimani watu hunijia na swali lile lile: "Tulisikia shamba la mzee liliamuliwa kortini. Hizo karatasi tutazipata wapi?" Wengi wamekaa miaka wakiamini kwamba faili la mahakama ni la mawakili na mahakimu peke yao. Sivyo. Kesi husikilizwa hadharani, na kinachoandikwa ndani ya faili ni kumbukumbu ya umma, isipokuwa pale sheria yenyewe inapofunga mlango. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inasema katika kifungu chake cha 80 kwamba afisa anayetunza hati ya umma ambayo mtu ana haki ya kuiona, lazima ampe nakala iliyothibitishwa akishalipa ada ya kisheria. Sura ya 80, kifungu cha 80. Ni rahisi kuikumbuka, na ukiitaja kwa upole dirishani inasaidia.

Anza na nambari ya kesi

Masjala haipangi mafaili kwa majina ya watu. Inayapanga kwa aina ya kesi, nambari na mwaka. Ukisimama dirishani useme unatafuta kesi ya ndugu wawili wa Mgange waliogombania shamba zamani, karani hana pa kuanzia hata kama ana moyo wa kukusaidia.

Juu ya jalada utakuta maandishi kama Succession Cause No. 45 of 2014. Maana yake ni shauri la mirathi, la 45 kufunguliwa mwaka 2014 katika mahakama ile. Sisitiza hayo maneno ya mwisho: katika mahakama ile. Wundanyi inaweza kuwa na nambari 45 ya mwaka 2014, Voi ikawa na yake na Mombasa yake. Kwa hiyo jina la mahakama ni sehemu ya nambari, liandike pamoja nayo. Kesi zilizofunguliwa kwa njia ya mtandao hutanguliwa na herufi E, kama E045 ya 2022. Ukiiacha hiyo E, karani anaweza kukutolea faili la watu wengine kabisa.

Nambari hupatikana wapi? Ikiwa ni kesi ya jinai, iko kwenye chajishiti na kwenye risiti ya dhamana. Kama hata chajishiti hamna, nendeni kituo cha polisi kilichomkamata mtu, mkiwa na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kama amefungwa, gereza lina hati ya mahakama iliyompeleka pale, na nambari imeandikwa humo. Akina mama wenye vijana wao Manyani, muulizeni kijana aiombe kwa ofisi ya kumbukumbu ya gereza, kisha awape siku ya kumtembelea. Mkiwahi kuwa na wakili, kila barua yake ina nambari ya kesi juu kabisa, kabla ya salamu.

Kwa mirathi kuna njia ambayo ningependa kila nyumba iijue. Mtu anapoomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu, ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa. Tangazo hutaja mahakama, nambari ya shauri, jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, tarehe aliyofariki, na jina la aliyeomba. Kisha linatoa siku 30 kwa mwenye pingamizi. Matoleo ya gazeti hilo, hata ya zamani sana, yako kwenye Kenya Law, tovuti ya sheria na hukumu za Kenya, na kuyasoma ni bure. Nenda saiba, mpe kijana jina la marehemu na mwaka aliofariki, mtafute pamoja. Anza na mwaka wa kifo na usonge mbele, kwa sababu familia nyingi hufungua mirathi miaka kumi na zaidi baada ya mazishi.

Angalia na tahajia. Majina yetu Wataita huandikwa kila karani alivyoyasikia. Mghanga huwa Mganga, Mwang'ombe huwa Mwangombe, na jina la ubatizo huweza kutangulia au kufuata. Tafuta kwa kila namna kabla hujasema halipo.

Njia nyingine ni ofisi ya ardhi. Kama shamba tayari limebadilishwa jina, fanya sachi, yaani upekuzi rasmi, ya nambari ya kiwanja, kisha omba nakala iliyothibitishwa ya grinikadi, kadi ya kumbukumbu ya shamba hilo. Humo mabadiliko yameandikwa mstari kwa mstari, tarehe na jina la kila aliyemiliki. Shamba lililohamishwa kwa mirathi mara nyingi huwa na nambari ya shauri pembeni, na hata isipoandikwa, tarehe ya mabadiliko inakuambia mwaka wa kuanzia kutafuta.

Ukikosa kote, rudi masjala na uombe kuangaliziwa rejista. Hiki ni kitabu kikubwa chenye safu za nambari, tarehe ya kufunguliwa, majina ya wahusika, aina ya kesi na jinsi ilivyoisha. Kuna rejista ya kila aina ya kesi kwa kila mwaka. Ukimpa karani jina moja na miaka miwili au mitatu ya kutafutia, anaweza kupitisha kidole safu ya majina akaipata. Ukimpa miaka ishirini umempa kazi ya wiki, na ana foleni nyuma yako.

Faili liko mahakama ipi?

Kwetu kuna mahakama Voi, Wundanyi na Taveta. Kesi ndogo ndogo na za jinai huwa katika kituo kilicho karibu na mahali jambo lilipotokea. Hapo hakuna utata. Utata uko kwa mambo ya zamani.

Kwa mirathi, kumbuka tarehe hii: 2 Januari 2016. Ndipo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ilipoanza kutumika, na kuanzia hapo Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya mali ya hadi shilingi milioni 20, na mahakimu walio chini yake viwango vidogo vinavyoshuka hadi milioni 5. Kabla ya hapo kikomo cha hakimu kilikuwa shilingi 100,000. Shamba gani lilikuwa chini ya laki moja? Kwa hiyo mirathi nyingi za mashamba zilifunguliwa Mahakama Kuu, na kabla Voi haijapata Mahakama Kuu, hiyo ilikuwa Mombasa. Kuna mahakimu waliopewa mamlaka ya kuiwakilisha Mahakama Kuu, ndiyo maana bado utaanza kuuliza hapa nyumbani. Lakini ukiambiwa hakuna kitu, usikate tamaa, panda gari uende Mombasa. Nimeona familia zikitafuta faili Wundanyi miaka nenda miaka rudi, na kumbe lilikuwa Mombasa tangu siku ya kwanza.

Kwa kesi za mipaka na kugawana mashamba za miaka ya 1990 na 2000, wazee wengi watakuambia, "Iliamuliwa na tribuno." Ni kweli, kulikuwa na mabaraza ya migogoro ya ardhi chini ya sheria ya 1990, ambayo ilifutwa 2011 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoundwa. Uamuzi wa baraza ulipelekwa kwa hakimu uwekwe muhuri uwe amri ya mahakama. Usitafute faili la baraza kwa chifu wala kwa ofisi ya kaunti. Tafuta kwa hakimu, katika rejista ya mwaka uamuzi ulipowasilishwa.

Kabla ya kupanda matatu, tazama mtandaoni

Hukumu za Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi na Mahakama ya Rufaa huwekwa kwenye Kenya Law. Za mahakimu zimeanza kuonekana lakini ni chache. Ukikuta [2023] KEHC 1234 (KLR), soma hivi: mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Kenya, uamuzi nambari 1234 katika tovuti hiyo. Hiyo siyo nambari ya faili. Ya faili imeandikwa chini ya majina ya wahusika. Na kama hukumu hiyo ni ya rufaa, soma aya ya kwanza kwa makini. Karibu kila mara inataja kesi ya awali, nambari yake, mahakama na hakimu aliyeiamua. Watu wengi wamepata nambari ya faili la kijijini kwao ndani ya hukumu ya rufaa.

Mfumo wa kufungua kesi mtandaoni ulienea nchi nzima tarehe 11 Machi 2024. Kesi yako kama ni ya baada ya hapo na wewe ni mhusika, unaweza kujiandikisha na kuona hatua zake kwa simu. Kesi za zamani bado ni karatasi, na karatasi zinatunzwa stoo.

Dirishani

Beba kitambulisho, nambari ya kesi iliyoandikwa kwenye karatasi, na barua yako ya kuomba nakala (mfano uko hapa chini), nakala mbili. Usifike saa mbili asubuhi. Saa hizo makarani wanahangaika kupeleka mafaili ya siku hiyo kortini, na mahabusu wanateremshwa. Njoo kama saa nne na nusu au saa tano, hakimu akiwa ameketi na masjala imetulia. Kama kesi yako bado inaendelea, usije siku ambayo imepangwa kusikilizwa, maana faili litakuwa mezani kwa hakimu. Faili la kesi inayosubiri hukumu huwa chemba, yaani ofisini kwa hakimu.

Omba kwanza kupekua faili. Kuna ada ndogo, unalipa kwa simu kupitia mfumo wa serikali, unapata risiti. Hakuna malipo ya mkononi. Ukiambiwa toa kitu kidogo ili faili lionekane, omba risiti ya hicho kitu kidogo, kwa sauti ya kawaida, bila matusi.

Utaketi na faili mbele ya karani. Usichomoe karatasi, usiandike chochote juu yake, usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Chukua daftari uandike jina la kila hati unayoitaka na tarehe yake. Kwa mirathi, pekua hadi uipate barua ya chifu. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo inayotaja warithi wote wa marehemu, mmoja mmoja, na uhusiano wao. Ilinganishe na fomu ya kiapo inayoitwa P&A 5, ambamo mwombaji ameapa ni nani waliobaki na mali ni ipi. Kisha angalia fomu ya ridhaa, wanapotia sahihi warithi wengine. Mjane mmoja niliyemsindikiza alikuta jina lake limeandikwa sawasawa, nambari ya kitambulisho ni yake, na mbele yake kuna sahihi ya kalamu iliyonyooka vizuri. Yeye hajui kuandika. Maisha yake yote ametia kidole gumba. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyompa nguvu ya kurudi kortini, kwa sababu kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinairuhusu mahakama kufuta usimamizi uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu, hata kama umeshathibitishwa.

Ndiyo maana nasema omba hati kwa jina lake. Ukiomba "faili lote" utalipia kurasa mia, nyingi za maombi ya kuahirisha, na utasubiri sana. Mwenye shida ya mirathi anahitaji barua ya chifu, P&A 5, ridhaa, hati ya usimamizi na cheti cha kuthibitishwa kwake. Mwenye kesi ya madai anahitaji hukumu na amri iliyotokana nayo. Anayetaka kukata rufaa anahitaji hukumu pamoja na mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa na mashahidi.

Mwenendo wa kesi ndio unaochelewa kuliko vyote, na ningependa muelewe sababu. Mahakimu wengi wameandika ushahidi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Lazima mtu akae asome mwandiko ule, auchapishe, kisha usomwe tena na kulinganishwa. Kama hakimu amehamishwa, mchapaji hana wa kumuuliza neno lisilosomeka. Omba mapema, siku ile ile ya hukumu ukiweza.

Barua

Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Katika mahakama za mahakimu Kiswahili ni lugha ya mahakama sawa na Kiingereza. Barua iwe fupi hivi:

Kwa Msimamizi wa Mahakama,
Mahakama ya Wundanyi.

KUH: OMBI LA NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA, SHAURI LA MIRATHI NAMBARI ___ LA MWAKA ___, MALI YA MAREHEMU ___

Mimi ni binti wa marehemu. Naomba nakala zilizothibitishwa za hati hizi: (1) barua ya chifu ya tarehe ___; (2) kiapo cha P&A 5; (3) fomu ya ridhaa; (4) cheti cha kuthibitishwa kwa usimamizi. Niko tayari kulipa ada inayotakiwa. Tafadhali nijulisheni kiasi na siku ya kuchukua kwa simu nambari ___.

Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au kidole gumba, tarehe.

Kwa Mahakama Kuu, barua iende kwa Naibu Msajili. Toa nakala moja, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo. Siku utakapoambiwa hukuwahi kuomba, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Nakala zikitoka, zikague kabla ya kutoka getini. Iliyothibitishwa ina muhuri wa mahakama, maneno kwamba ni nakala ya kweli ya hati asili, sahihi ya afisa na tarehe. Hesabu kurasa. Nakala isiyo na muhuri inasomeka tu, lakini ofisi ya ardhi wala benki haitaipokea.

Siku za rufaa hazingoji

Katika kesi ya jinai una siku 14 tangu hukumu ya hakimu kukata rufaa Mahakama Kuu. Katika ya madai, siku 30. Watu hupoteza rufaa wakisubiri nakala. Sheria imewafikiria. Katika madai, muda ambao mahakama ilihitaji kuandaa nakala ya amri hauhesabiwi ikiwa mahakama yenyewe itauthibitisha kwa cheti, na katika jinai kuchelewa kupata nakala ya hukumu ni sababu inayokubalika ya kuomba kuongezewa muda. Lakini zote mbili zinategemea kuonyesha kwamba uliomba mapema, ndiyo ule muhuri tena. Mshtakiwa ana ulinzi zaidi: Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kuisha, kwa ada inayofaa.

Yasiyo wazi kwa kila mtu

Kesi za watoto na za kuasili mtoto hazipekuliwi na mpita njia, na jina la aliyedhulumiwa kingono halitolewi. Kesi za ndoa hulindwa pia. Hata hukumu zinapochapishwa, utaona herufi za mwanzo badala ya majina. Kama wewe ni mhusika au mzazi, eleza hivyo katika barua na ubebe uthibitisho. Kama si mhusika, usiwalazimishe makarani. Wanamlinda mtoto wa mtu.

Faili likikosekana, au barua ikikaa kimya

"Faili halionekani" si jibu la mwisho. Uliza limeonekana mara ya mwisho lini na lilitolewa kwenda wapi, kwa sababu kila faili linalotoka masjala hupaswa kuandikwa. Likikosekana kabisa, mahakama inaweza kuamuru liundwe upya kutokana na nakala walizonazo wahusika, mawakili, polisi na ofisi ya mashtaka. Hapo kila karatasi kuukuu iliyo sandukuni kwa nyanya ina thamani, kwa hiyo msichome chochote.

Mafaili ya zamani sana huenda yameteketezwa kisheria. Lakini kabla ya hapo mahakama hutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba inakusudia kuharibu mafaili ya miaka fulani, na kuwataka wenye haja wajitokeze. Hata hivyo angalia rejista, kwa sababu mstari wa rejista unaosema nani alishinda na lini bado unaweza kuthibitishwa na kutumika.

Barua ikikaa bila jibu, andika ya pili kwa msimamizi ukiambatisha nakala yenye muhuri. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, afisa aliandike. Ukinyimwa, una siku 30 za kumwendea Ombudsman wa taifa, yaani ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Mahakama nayo ina Ombudsman wake wa ndani, na kila kituo kina kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hukaa hakimu, polisi, mawakili na wawakilishi wa wananchi. Waulize makarani ni nani anayewakilisha wananchi wa upande wenu, mpelekee nakala ya barua zako zote mbili, na umwombe alitaje faili lako kwa nambari katika kikao kijacho.